Kujifunza bakiflipu ya jetiski ya kusimama wakati unaishi Dodoma

Najua swali la kwanza, bahari iko wapi. Haipo. Dodoma mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, alafu vumbi mpaka mwakani, na ukiambiwa kuna mto mara nyingi ni korongo la mchanga na malori yanapakia. Ila mdau, kazi kubwa ya bakiflipu, yani kubinuka kinyumenyume mzunguko mzima wewe na chombo, haianzii kwenye maji, inaanzia kwenye mwili na kichwa chako, na hivyo vyote unaviandaa hapahapa mjini bila kulowa. Maji unayafuata ukiwa tayari, na kuyafuata siku hizi sio kilio tena tangu SGR ifike Dodoma Julai 2024, asubuhi uko stesheni mchana uko Dar unakula muhogo wa kukaanga.

Tuelewane kwanza ni chombo gani tunaongelea. Jetiski ni kama pikipiki ya majini. Zile za kukaa, wanapanda wawili watatu na simu mkononi, ndio nyingi utakazokuta za kukodi Dar na Zanzibar, hizo sio. Ya kusimama ni ndogo, nyembamba, ya mtu mmoja, haina siti, unasimama kwenye trei ya nyuma iliyotandikwa raba na mbele yako kuna fimbo ndefu yenye hendeli, fimbo yenyewe inapanda na kushuka kwenye bawaba. Na ndio jetiski ya asili hiyo, Kawasaki walipoanza kuuza mwanzoni mwa miaka ya 70, kwa wazo la Mmarekani Clayton Jacobson, walianza na ya kusimama, mambo ya siti yalikuja kutamba baadae.

Kwa sarakasi inayopendwa sana ni Yamaha SuperJet, ile ya stroki mbili, injini inayochoma oili pamoja na petroli, iliyotoka 1990, ikaja kubadilishwa kuwa stroki nne mwaka 2021. Ile ya zamani ina kilo kama 140 bila mafuta. Kawasaki SX-R ya cc 1500 inacheza kwenye kilo 250, hiyo ni ya mbio, mtu akikushauri ujifunzie kubinuka na hiyo jua hakutakii mema. Bei yoyote utakayokuta itakuwa ni ya bodaboda kadhaa kwa mpigo, kwaiyo usikimbilie kununua, tafuta mwenye nayo umsogelee kwa heshima, msaidie kuisukuma, kuiosha, kubeba galoni, utajifunza mengi kabla hujaishika hendeli.

Bakiflipu ziko za aina mbili na watu wanazichanganya wakiangalia video. Kuna ya maji tulivu, jamaa yuko kwenye maji yametulia kama kioo ghafla chombo kinaruka na kubinuka, ile ni mashine ya kazi maalum, bodi ya kaboni, nyepesi, injini imeongezwa nguvu, pampu kubwa kuliko ya kiwandani, kila kitu kimebadilishwa, ni ya watu wenye pesa na miaka kwenye huo mchezo. Na kuna ya wimbi, ambayo wimbi ndilo linakuwa ngazi yako ya kupandia, hiyo hata SuperJet yenye marekebisho machache inakubali ukipata wimbi zuri. Anza na ya wimbi. Mtu asikudanganye kwamba maji tulivu ni rahisi kwa sababu yanaonekana hayana vurugu, ni kinyume kabisa.

Sasa kitu chenyewe ambacho ukikielewa umeelewa nusu ya hii habari yote. Pampu ya jetiski inasukuma kwa kunyonya maji chini na kuyatema nyuma kwa nguvu. Chombo kikishatoka majini pampu inanyonya hewa, hakuna msukumo, hata ubane mafuta mpaka kidole kiume itapiga kelele tu. Maana yake ukiwa hewani huwezi tena kuanzisha mzunguko, ule mzunguko uliotoka nao majini ndio huohuo utakaokupeleka, unachoweza ni kuuharakisha kidogo kwa kujikunja karibu na chombo au kuupunguza kwa kujinyoosha, basi. Kwaiyo bakiflipu inapigwa ukiwa bado majini, ile sehemu ya juu inayopendeza kwenye video ni matokeo tu. Wengi wanaoshindwa wanashindwia hapo, wanaruka kwanza alafu wakiwa juu ndio wanakumbuka kubinuka.

Na hili ndilo unaloenda kulifundisha mwili wako kwenye mchanga.

Madogo wa mtaani wanajua, fukia tairi la gari nusu kwenye mchanga, kimbia, kanyaga, ruka, binuka. Korongo kavu lenye mchanga mwingi ni ukumbi tosha, ila upekue kwanza kwa jembe au koleo, mawe na chupa ziko nyingi uko na mchanga uliokaa mda bila kuguswa unakuwa mgumu kama sakafu. Nenda saa kumi na mbili asubuhi au jioni, saa saba ya Dodoma jua halina adabu. Anza na mtu wa kukushika, mmoja kila upande, mkono mmoja kiunoni na mwingine nyuma ya paja, na wawe wamewahi kufanya, sio wapita njia. Kosa utakaloliona kwa kila anayeanza ni kutupa kichwa nyuma kabla miguu haijamaliza kusukuma, anakata mruko wake mwenyewe na anatua kwa shingo. Utaratibu ni miguu isukume mpaka mwisho, mikono ipande juu, kiuno kipande, ndio kichwa kifuate na macho yaanze kutafuta ardhi nyuma. Kutafuta kwa macho, sio kufumba. Anayefumba macho hajui yuko wapi na akifungua tayari ameshafika chini.

Zoezi lingine watu hawalitilii maanani lakini linafanana zaidi na jetiski kuliko hata tairi: bomba la kuning'inia, lile la gym au hata tawi la mti lisilovunjika, unalishika kwa mikono miwili, unapandisha magoti kifuani, unapitisha miguu kati ya mikono mpaka unapinduka nyuma, alafu unarudi. Taratibu. Hapo unazoea kubinuka huku mikono imeshika kitu na haiachii, ndio hali yenyewe utakayokuwa nayo, maana kwenye jetiski hujikunji peke yako kama kwenye tairi, miguu imebanwa kwenye mikanda ya trei na mikono iko kwenye hendeli, wewe na chombo mnabinuka kama kitu kimoja. Ongeza na pushapu, kunyanyua mzigo toka chini kwa miguu na sio mgongo, na squati za kuruka, magoti yatakushukuru siku ya kutua vibaya.

Kuogelea. Apa niwe mkali kidogo kwa wenzangu wa kanda ya kati, wengi hatujui kuogelea na tunajifariji na laifjaketi. Laifjaketi inakuelesha, haikufundishi kutulia ukiwa kichwa chini, pua imejaa maji na hujui juu ni wapi. Hoteli kadhaa mjini zina bwawa na wanakuruhusu kwa kiingilio, nenda, tafuta mwalimu, jifunze mpaka uweze kuelea bila wasiwasi, alafu fanya hili zoezi, zama, jipindue mara mbili tatu chini ya maji, simama kidogo, toa mapovu uone yanaelekea wapi, fuata mapovu. Mwenzako awe pembeni anakuangalia, usifanye peke yako, na usishindane kubana pumzi, watu wanapoteza fahamu kimyakimya majini kwa huo ushindani.

Lazima kuna mtu ameshawaza Mtera. Bwawa kubwa, barabara ya Iringa ni ya lami, maji yapo mwaka mzima, kwanini tuhangaike na Dar? Mtera kuna mamba na viboko, na hao sio hadithi ya kutishia watoto, wavuvi wa pale wanawajua vizuri. Kuna visiki vya miti iliyomezwa na maji lile bwawa lilipojazwa na hujui kipi kiko chini yako, kuna nyavu ambazo pampu ikizinyonya umebaki katikati ya bwawa bila injini pamoja na hao niliowataja. Mtera nenda kale samaki. Hombolo nayo ni bwawa la mwaka 1957, tope limejaa kina kimepungua, na watu wanaozunguka wanayategemea yale maji, sio sehemu ya kwenda kumwaga oili ya stroki mbili. Tena maji yaliyotulia ya bara kwetu mengi yana kichocho. Hapana.

Na kuna jambo la kiufundi ukileta mashine uku juu. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 na inakula mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi. Kwaiyo fundi wako wa mtaani akiiseti ikaunguruma vizuri kwenye uwanja wa nyumbani, ikifika baharini itakuwa inapata mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, na stroki mbili yenye mafuta kidogo inapata moto na kuunguza pistoni. Kabureta iseti huko huko baharini, sio Dodoma.

Haya, tumeshuka pwani. Kabla ya yote ulizia TASAC taratibu za chombo na eneo, wao ndio wanasimamia usalama wa vyombo vya majini, na kaa mbali na wanaoogelea na wavuvi. Vaa vizuri. Helmeti ya kufunika uso mzima kama za motokrosi, kwa sababu ile fimbo ya hendeli na kidevu chako zitakutana mapema kuliko unavyofikiri. Jaketi nene la kuelea linalobana, viatu vyenye kushika kifundo cha mguu, na suruali ya neoprini, ile raba nene laini wanayovaa wapiga mbizi. Hii ya suruali watu wanacheka lakini kuanguka nyuma ya jetiski kwa nguvu, au kukaa mbele ya lile bomba linalotema maji, kunaweza kusukuma maji ndani ya mwili sehemu za chini na kukuumiza vibaya sana ndani, wake kwa waume, bukta ya kuchezea mpira haizuii kitu. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi siku zote.

Siku za mwanzo hubinuki. Kaa maji tulivu, jifunze kupanda toka majini, unaingia kwa nyuma, unapiga magoti kwenye trei, unabana mafuta kidogo, ikianza kuteleza unasimama. Utaanguka mpaka uchoke, ni kawaida, ya kusimama ikiwa haina spidi inayumba sana. Ukishazoea jifunze trimu, kile kimkono cha kubana kwa vidole kama breki, upande wa kushoto ambacho jetiski za sarakasi huwa zinafungiwa, kinanyanyua nozeli ya nyuma, maji yanatoka kwa kupanda juu, mkia unakandamizwa chini na pua inainuka. Bodaboda anayenyanyua tairi la mbele atakuelewa haraka hapa, uzito nyuma na mafuta kwa wakati mmoja, ukitanguliza kimoja haiinuki au inakuacha. Kisha vijiruko, pua chini unaikandamiza kwa mwili, inapojirudisha juu unabana mafuta na kuvuta fimbo, inaruka kidogo, unatua magoti yamelegea. Ruka hivyo mpaka usiwaze tena mkono gani unafanya nini. Wengi wanapitia pia kubinuka kwa ubavu kabla ya bakiflipu, nami naona ni busara maana ukishindwa unaangukia pembeni na sio chini ya chombo.

Wimbi sasa. Kwa Dar maji ya ndani yanakingwa na visiwa na miamba, mawimbi utayapata upande wa Kigamboni unaotazama bahari wazi, na zaidi kipindi cha upepo wa kusi, katikati ya mwaka. Angalia maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji inazidi mita 3 pwani yetu, pale ulipopaona salama asubuhi mchana unaweza ukakuta mwamba uko nje, kwaiyo fanya wakati maji yanakaribia kujaa na uhakikishe kina kinatosha na chini hakuna mwamba. Wimbi unalolitaka sio kubwa, ni lile linalofika kiunoni au kifuani lakini limesimama, limeanza kuwa ukuta na bado halijavunjika. Lililolala linakurusha mbele tu, lililovunjika ni povu, pampu inanyonya hewa na unazama pua.

Lielekee uso kwa uso, nyoofu, ukienda kwa pembe utabinuka kwa ubavu bila kupenda. Spidi ya wastani, hapa kila mtu anazidisha, spidi kubwa inakufanya uruke mbali badala ya juu na wimbi linapita kabla hujajipanga. Miguu iko nyuma kwenye mikanda, magoti yamekunjwa, mikono imekunjwa. Ukifika chini ya wimbi achia mafuta kidogo pua iguse, kandamiza. Pua ikianza kupanda ule ukuta, hapo hapo vyote kwa pamoja: mafuta yote, trimu yote, nyoosha miguu kwa nguvu na vuta fimbo kuja kifuani. Mafuta usiachie mpaka usikie pampu imetoka majini, sauti inabadilika inakuwa kali ghafla, utaijua. Kifua kikishapita ukuta wa wimbi ndio kichwa kinaenda nyuma na macho yanatafuta maji. Ndio ile ya kwenye tairi.

Hewani kazi yako ni moja, kushikilia. Usinyooshe mikono. Mikono ikinyooka mwili unakuwa mbali na chombo na mzunguko unapungua unabaki kichwa chini umening'inia, ndio sehemu mbaya kuliko zote. Ukiyaona maji na unaona pua inakuja kuwa sawa, legeza vuta yako, magoti yalegee, kidevu pembeni ya fimbo. Unataka kutua pua ikiwa imeinuka kidogo na ikiwezekana mgongoni mwa wimbi, pale pana mteremko panapokea vizuri, ukitua bapa kwenye maji yaliyolala kutoka juu vifundo na magoti vitalipa. Ukigusa maji bana mafuta kidogo, pampu ikikamata chombo kinatulia chini yako, ukichelewa kinakuyumbisha unaanguka baada ya kumaliza kazi yote, inauma sana hiyo.

Na ukishindwa, maana utashindwa, kuna namna. Ukiona haujafika hata nusu na chombo kinakuja juu yako, achia hendeli, chomoa miguu, kisukume kwa miguu mbali na uangukie upande, alafu ukizama usikimbilie kuibuka, nyanyua mkono mmoja juu ya kichwa kwanza ndio upande, chombo kinaweza kuwa kinaelea hapo hapo juu. Ila ukishavuka nusu, yani umeshayaona maji nyuma, usiachie, vuta zaidi. Wanaoumia sana ni wale wa katikati, wanaobadilisha mawazo kichwa kikiwa chini. Kwaiyo uamuzi ufanyike chini ya wimbi, kama pua haijapanda vizuri achia mafuta na uvuke tu kawaida, wimbi lingine linakuja, bahari haina haraka. Ukichoka toka. Mikono ikianza kutetemeka kuvuta hakuna, na hiyo ya mwisho mwisho ya kusema moja tu niondoke ndio inayopeleka watu hospitali. Mwenzako awe ufukweni au kwenye chombo kingine, anarekodi na simu na anajua la kufanya. Iangalie video polepole papo hapo, utaona mwenyewe umetupa kichwa mapema.

Chombo kikipinduka kuna alama ya kuonyesha kigeuzwe upande gani, ifuate, ukigeuza upande mwingine maji yaliyo kwenye egzosi yanaweza kuingia kwenye injini. Kama imeshakunywa maji usiendelee kuipigia stata, ivute ufukweni, toa plagi zote, ipige stata mpaka iteme maji, paka oili, rudisha plagi, iwashe siku hiyo hiyo, chumvi haisubiri kesho.

Na jioni kabla haujakimbilia treni iflashi, yani ioshe injini kwa ndani, kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi. Unaunganisha mpira, unawasha injini kwanza ndio unafungua maji, ukimaliza unafunga maji kwanza, unabana mafuta mara mbili tatu kutoa yaliyobaki, ndio unazima. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa yanaweza kurudi ndani kupitia egzosi, umeua mwenyewe mashine ya watu, na hapo ndio utajua mwenye nayo anakupenda kiasi gani.